Kamera ya Macho Mawili na Mkono wa Kulia wa Bi Tatu

Mmeniuliza, wanangu, mnunue kamera ya kampuni gani, na tangu mniulize nacheka peke yangu mpaka watu wa nyumbani wananitazama kwa wasiwasi. Mmoja wenu anaiacha kampuni yake ya zamani kwa sababu lenzi zake nzito. Mwingine anataka bodi mpya ya kamera lakini abaki na lenzi zile zile. Mnabishana hadi mishipa ya shingo inawatoka. Basi hata mwenzenu niliwahi kubadilisha kamera, mara moja tu katika maisha yangu yote ya kazi, enzi za Mwingereza, hapa hapa Kibiti, na sababu yangu hamtaikuta kwenye tangazo lolote. Nilibadilisha kamera ili nipate mke.

Subirini, msicheke bado. Mnataka mambo ya lenzi, na ya lenzi nitawapa, ila mtakula wali pamoja na ukoko wake.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Athumani, mtu mfupi, sauti ya ugomvi, moyo wa tende. Kamera yake ilikuwa sanduku la mbao la Kiingereza lenye miguu mitatu, na juu yake kitambaa cheusi ambacho mpiga picha alijifunika kichwa na mabega ili aone kitu kwenye kioo cha nyuma. Hapakuwa na kitufe. Ulikuwa unavua kifuniko cha lenzi kwa mkono, unahesabu moyoni, unakirudisha. Watu waliambiwa wasitikisike, na binadamu ukimwambia asitikisike ndipo pua inapomwasha. Fundi Athumani alikuwa na ujanja wake. Alivua kifuniko huku anagomba: "Bado, bado, subirini niwaweke sawa, wewe mwenye koti sogea." Wakati wanamtazama kwa kuchoka, picha imeshaingia. Kisha anakirudisha kifuniko na kuwaambia waende zao. Mchukwi nzima walidhani ni tapeli, mpaka picha zao ziliporudi na wamekaa vizuri kuliko walivyo.

Hilo shikeni, hata kwa kamera zenu za leo. Mtu mpigeni anapodhani bado.

Alipoanza kuumwa mgongo, Fundi aliniachia lile sanduku. Nililifunga kwenye baiskeli nikazunguka nalo Mchukwi, Ruaruke, na kipindi cha mavuno nikafika mpaka Mkongo, maana mtu aliyeuza mpunga hupenda kujiona. Sahani zetu za kupigia zilikuwa za kioo. Siku nikianguka, najiokota mimi mwisho.

Sasa, lile sanduku lilikuwa na tabia moja. Ukiingia chini ya kitambaa, kwenye kioo watu wote unawaona kichwa chini, miguu juu. Lenzi ndivyo ilivyo, haina ubaya na mtu. Picha ikisafishwa unaigeuza karatasi na mambo yanakwisha. Mimi macho yalishazoea, hata nilikuwa nimesahau kwamba ni jambo la kushangaza. Na huko kusahau ndiko kulikotaka kuniua.

Kule Salale, ndani kwenye visiwa vya delta, alikaa Mzee Mbonde, mkata boriti za mikoko, mtu wa watu, mkavu wa maneno. Alikuwa na binti anaitwa Zaituni. Mara ya kwanza nilipokwenda kupiga picha kwao, nikijitayarisha kwa madaha yote ya ufundi, Zaituni aliuliza mbele ya watu kama chini ya kile kitambaa huwa nalala au naswali. Nilichanganyikiwa nikavua kifuniko kabla ya kuweka sahani. Tangu siku hiyo nikawa na sababu nyingi za kwenda Salale. Nilipiga picha mitumbwi, nilipiga picha marundo ya boriti, nilimpiga picha mbuzi.

Ikafika Idi. Wanawake wa nyumba ile walivaa wakapendeza, wakajipanga uani, na katikati kwenye kiti akakaa Bi Tatu, bibi yake Zaituni, mama mzaa mama. Yaani mkwe wa Mzee Mbonde. Nyinyi siku hizi mnataniana na wakwe zenu, mnakula nao sahani moja. Mzee Mbonde alikuwa hakanyagi mkeka aliokalia Bi Tatu. Akikutana naye njiani anaingia majanini mpaka apite. Hawakusemeshana ana kwa ana. Bi Tatu akiwa na neno analipitisha kwa Zaituni, hata kama mkwewe yuko hapo hapo anasikia kila kitu.

Na mimi, nikitaka kumfurahisha baba wa mtu, nikamwita kwa adabu zote: "Mzee, karibu na wewe uone."

Mzee Mbonde alifurahi kweli. Alivua kofia, akaingia chini ya kitambaa. Halafu akatoka kinyumenyume, macho chini, kofia akaivaa upande, akashika njia ya kwenye mikoko bila kumuaga mtu, na hatukumwona tena mpaka maji yalipokupwa na kujaa. Masikini, alikuwa amemwona mkwewe miguu juu.

Wanawake wakaniuliza ameona nini. Mtu mwenye akili angesema ameumwa tumbo. Mimi nikaeleza kitaalamu, kwa mikono, jinsi lenzi inavyopindua vitu. Nilipomaliza, kila mwanamke pale uani alikuwa ameikamata kanga yake kwa nguvu zote katikati ya magoti isije ikaporomoka. Habari ilivuka mikondo yote ya delta kabla yangu. Mkiingia nyumba za kule mkakuta picha za zamani za bibi zenu, wote wameshika kanga magotini kama wanavuka tope, basi ni mimi huyo.

Niliposhindwa kulala vizuri nilimwomba Fundi Athumani awe mshenga, akanipelekee posa. Alikwenda na mgongo wake mbovu, akapigiwa kasia kwenda na kurudi, akarudi miguu imejaa tope jeusi. Akakaa, akaomba maji, akacheka mpaka akakohoa. Jibu la Mzee Mbonde lilikuwa hili: "Kijana hatumkatai. Tunakataa kitambaa chake."

Na kulikuwa na la pili. Karani anayepima boriti bandarini naye alikuwa ameleta posa, karani mwenye viatu, na Mzee Mbonde angetoa neno mavuno ya mpunga yakiisha. Nilitoka nje nikaziangalia mbuga. Mpunga ulikuwa umeshaanza kuinama.

Basi mkiniambia nyinyi mnabadilisha kamera kwa haraka, mimi nawasikiliza tu.

Nilimwambia Fundi kwa kuogopa, maana kuliacha sanduku lake ilikuwa kama kumwacha yeye. Hakukasirika. Alinipa mafunzo ya kununua kamera, na mengine bado yanafaa. Lenzi itazame juani dhidi ya kanzu nyeupe, ukiona nyuzi nyuzi ndani ujue ni ukungu, iache hata wakikupa bure. Sikio liweke kwenye mashine yake ukiifyatua. Ikisitasita, itasitasita siku ya harusi. Na usinunue kitu ambacho huwezi kukifunga kwa vidole vyenye tope, kwa sababu huku kwetu ndivyo vidole tulivyo navyo.

Nikapanda lori hadi Dar es Salaam, nimekaa juu ya magunia, naimba. Dukani, mwenye duka, Mhindi mmoja mpole, aliniwekea kamera tatu mezani. Wallahi nilijifuta mikono kwenye kanzu kama bwana harusi.

Ya kwanza ilikuwa na shingo ya ngozi inayokunjwa kama kinanda, ukiifunga inaingia mfukoni. Nzuri mno. Lakini nikaifikiria ile ngozi katika joto na chumvi ya Salale. Ikitoboka kwenye kunjo moja tu, mwanga unaingia na kila picha inakuwa na mzimu. Nikaiweka chini.

Ya pili ilikuwa ndogo, ya Kijerumani, inayotoka lenzi na kuingia lenzi, na hapo ndipo nilipopagawa. Mwenye duka alinifungia lenzi ndefu nikatazama nje, nikaona meno ya mtu aliyekuwa anapiga miayo ng'ambo ya barabara. Moyoni nikaanza kupiga picha viboko wa Rufiji bila kusogea. Nilishika lenzi ile, nikaiachia, nikaishika. Kilichoniokoa ni filamu yake. Ilikuwa nyembamba kama utepe, na mimi Kibiti sikuwa na umeme wala mashine ya kukuzia. Picha zangu nilikuwa nazitoa kwa kulaza filamu juu ya karatasi na kuonyesha jua. Filamu ikiwa ndogo, na picha inakuwa ndogo hivyo hivyo. Bibi harusi angetoka sawa na stempu ya barua. Tena kufungua kamera mtumbwini ubadilishe lenzi, mbu wanakung'ata, maji yanarukaruka, si kazi ya mtu mwenye posa mkononi. Jamani, lenzi nunua kwa mahali utakapoitumia, si kwa mahali unapoinunulia.

Ya tatu ilikuwa kisanduku cheusi chenye macho mawili, moja juu ya jingine. Jicho la juu la kutazamia, la chini la kupigia. Filamu yake pana, inatoa picha ya mraba unaojaa kiganja. Lenzi haitoki, kwa hiyo tope haliingii. Na haishikwi jichoni. Unaivaa shingoni, inakaa kifuani, unainamisha kichwa na kutazama kioo chake kwa juu. Niliinamisha kichwa, nikamwona mwenye duka amesimama kwa miguu yake, kichwa juu kama Mungu alivyomuumba.

Nikapiga kelele ya furaha, wateja wote wakageuka. Miguu chini! Halafu nikagundua la pili lililo bora zaidi: anayepiga kwa kamera hii anakuwa ameinama kwa heshima, hamkodolei mtu macho. Naweza kuwapiga picha wanawake wa nyumba ya watu huku naangalia kifua changu mwenyewe. Sikuuliza chochote kingine, na hilo nawaambia msilifanye. Ulizeni.

Nyumbani niliihifadhi kama Fundi alivyonielekeza: ndani ya debe lenye kifuniko, juu ya mchele uliokaangwa mkavu bila mafuta, maana mchele mkavu hunyonya unyevu na lenzi haioti ukungu. Nilimweleza kila mtu isipokuwa mama. Akaja mgeni ghafla, mama akaona debe la mchele uliokwisha kukaangwa, akashukuru Mungu na kuupika. Mgeni alisifu wali ule kwa harufu yake. Nilimwangalia anavyotafuna ulinzi wa kamera yangu.

Nikaenda Salale mavuno yakiwa yanakaribia mwisho. Nilimkuta Mzee Mbonde anatia makali shoka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikamwambia kitambaa nimekiacha, kamera hii haipindui mtu. Akasema hayo ataona Bi Tatu.

Wanawake walikuwa uani mkekani, wamezunguka sinia la wali na kamba wa nazi. Nikasimama mbali, kichwa nimekiinamisha, nikatazama kiooni, nikamwomba Bi Tatu ruhusa nimwonyeshe mkwewe. Bi Tatu akamgeukia Zaituni. "Mwambie baba yako aje atazame. Mwambie leo nimekaa, sijaning'inia."

Mzee Mbonde alikuja kwa hatua za mtu anayekwenda kuchomwa sindano. Aliinama juu ya kioo kwa jicho moja. Nikaona mabega yake yanashuka, uso unafunguka, mkwe yuko sawa, miguu imekunjwa vizuri chini ya kanga. Nikaanza kutabasamu. Halafu akaganda.

"Mama anakula kwa mkono wa kushoto," alisema.

Nikatazama. Kweli. Kiooni Bi Tatu alikuwa anabonyeza tonge kwa mkono wa kushoto, na Zaituni kushoto, na kila mtu katika nyumba ile ya Kiislamu alikuwa anakula kwa kushoto. Ndilo nililokuwa sikuuliza dukani. Kamera ya macho mawili haipindui juu chini, lakini kioo chake kinageuza kulia kuwa kushoto.

Mzee Mbonde akaniambia kwa utulivu, na ule utulivu ndio uliotisha, kwamba mwanzo niliwaning'iniza watu wake, sasa nimewafunza kula vibaya. Nikaapa kwamba hiyo ni kwenye kioo tu, picha yenyewe itatoka sawa, kulia kulia. Nikaomba nipige pale pale na kuisafisha pale pale aone kwa macho yake. Akasema haya. Akaongeza kwamba karani atakuja kesho kuchukua jibu.

Nikapiga. Kisha nikaingia chumba cha kuwekea mpunga, nikaziba kila tundu kwa mikeka. Jambo la kusafisha picha delta ni maji: ya mtoni yana chumvi na tope, yanaacha madoa. Ni lazima maji ya mvua. Zaituni aliniletea kwenye mtungi, akaupitisha chini ya mkeka bila kuonyesha uso, akasema taratibu nifanye kazi vizuri kwa sababu yule karani anatafuna mdomo wazi. Kuanzia hapo vidole vyangu havikuwa vyangu tena.

Filamu, wanangu, ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Uliofifia ndio utazame karatasi. Hili Fundi Athumani alinipigia kelele miaka. Na mimi siku ile, jasho linaingia machoni, filamu haijakauka sawasawa, nje watu wananisubiri, moyo unaimba karani karani karani, nililaza upande unaong'aa. Nikaonyesha mwanga, nikatia karatasi kwenye dawa, picha ikaibuka nzuri ajabu, nyuso zote kali. Sikuangalia mikono. Nikatoka nayo mbio, inachuruzika maji, nikamkabidhi Mzee Mbonde kwa mikono miwili.

Alipoitazama sana, akanigeuzia niione. Wote walikuwa wanakula kwa kushoto.

Niliweza kusikia kaa wakitembea topeni. Nikaeleza haraka haraka habari ya pande mbili za filamu. Nikanyakua picha nikaiinua juani, nikamwonyesha kwa nyuma, karatasi ikapitisha mwanga na mikono ikawa ya kulia. Mzee Mbonde akauliza kama kwa hiyo kila atakapotaka kumwona mama anakula kwa adabu itabidi amtazame kwa mgongoni. Nyuma ya mlango nikasikia Zaituni anacheka, na kicheko kile kilinimaliza. Nikasema naingia tena ndani, naitoa upya, dakika chache tu, tafadhali.

"Zaituni," akaita Bi Tatu. "Niletee hiyo karatasi."

Alikuwa hajawahi kuiona picha yake hata moja. Zile za Idi alikataa kuzitazama kwa aibu ya mambo ya kuning'inia. Aliichukua, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Mikono hakuiangalia kabisa. Alikuwa anatazama uso. Akapitisha kidole pembeni mwa karatasi, taratibu, na mashavu yake yakaanza kutetemeka. Nikadhani nimemuudhi mpaka mwisho.

"Mama yangu huyu," alisema.

Hakuna aliyemwelewa. Akatueleza kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mwari, na tangu uzee umuingie, kila asubuhi akijitazama kwenye kile kioo chake kidogo humwona mama yake ndani. Alikuwa hamwambii mtu, wasije wakasema ameanza kupotea. Na sasa huyu hapa, vile vile kama anavyomwona, na kovu la shavuni upande ule ule wa kwenye kioo.

"Kioo huwa kinamfungia," alisema. "Huyu kijana amemtoa nje."

Nilifungua mdomo nimwambie picha imekosewa, nikamwona Zaituni mlangoni ananitikisia kichwa, nikaufunga. Bi Tatu aliifuta picha maji kwa ncha ya kanga, akaiingiza kifuani, akatangaza kwamba nisithubutu kutoa nyingine.

Mzee Mbonde alikuwa amesimama nje ya mkeka kama kawaida yake, kofia mkononi. Mkwe ameshasema, na yeye hakuwa mtu wa kumjibu mkwe. Mwishowe alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini wasisikie wengine, kama yule mshenga wangu mgongo wake unaweza kustahimili mtumbwi mara nyingine.

Nikamwambia unaweza, na kama hauwezi, nitambeba.